Kwa nini hatukuruhusu kuogelea kwenye ghuba tulivu

Wageni wengi wanaokodi kayaki kwetu, upande huu wa Luchelele, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, hutuuliza swali moja: "Kule ndani maji yametulia kama ya kwenye beseni, mbona mnatukataza kushuka tukaogelea kidogo?" Wana haki ya kuuliza, na jibu halielezeki vizuri pale ufukweni mtu akiwa ameshavaa jaketi la kuokolea maisha.

Tatizo ni huo utulivu wenyewe. Konokono wanaobeba kichocho hawapendi mawimbi. Wanapenda maji ya kina kifupi yasiyotembea, yenye majani ya kujishikiza, yaani palepale kwenye matete na mafunjo panapomvutia mgeni. Jua likishawaka, vijidudu, yaani minyoo wa kichocho wakiwa wachanga sana, hutoka kwenye konokono na kuelea vikitafuta ngozi. Vikiipata, huingia kwa dakika chache tu, na mara nyingi hutahisi chochote. Ndiyo maana tunapandia na kushukia kwenye mwamba, upande wenye kina na upepo, na ndani ya ghuba unabaki kwenye kayaki. Hatusemi kwamba hapo mwambani hatari imeisha, ila imepungua. Ukiloa, chukua taulo ujisugue hapohapo, usingoje ngozi ikauke yenyewe.

Na ukisharudi kwenu, Dar au Arusha, usikimbilie kumeza dawa kesho yake. Prazikwanteli hutibu kichocho, lakini haiwamalizi minyoo wakiwa bado wachanga. Kapime baada ya miezi miwili hivi, hata kama hujisikii vibaya.

Jambo la pili ni saa ya safari. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, kwa hiyo upepo huvuma kutoka majini kuja pwani. Huku kwetu kusini mwa ziwa hutokea kaskazini, na Ghuba ya Mwanza ni ndefu, imelala kaskazini kwenda kusini, basi mawimbi yana nafasi ya kukua njiani. Mpiga kafi mgeni husukumwa bila kuchoka, akajiona hodari, halafu kurudi ndiyo kazi. Sisi tunataka uwe umerudi kabla upepo haujakaza. Alfajiri yenye giza nayo hatutoki, maana ndiyo saa viboko wanaporudi majini kutoka malishoni. Tunangoja kupambazuke kabisa, na matete tunayapita kwa mbali.

Msimu wa mvua, radi za usiku ziwani huweza kuendelea hadi asubuhi. Tukisikia ngurumo, hakuna safari. Vilevile upepo ukisukuma magugu maji yakaziba mlango wa ile ghuba tulivu. Siku hizo unachagua tarehe nyingine au unarudishiwa fedha yako yote, na hatutabishana nawe.

Hilo la kuogelea lisikukatishe tamaa. Asubuhi ile furukombe wanaitana juu ya miamba, mnandi wanakausha mabawa, na mdiria anasimama hewani kabla hajajitupa kwenye samaki. Vipindi visivyo na mbalamwezi utapishana na wavuvi wa dagaa wakirudi na taa zao. Kwa maoni yetu, hakuna saa nzuri zaidi ya kuliona ziwa hili.

Njoo na shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, maji ya kunywa na nguo za kubadili. Asiyejua kuogelea aseme mapema, tutampa kayaki ya watu wawili akae na mwongozaji.