Konsoli za mkononi: tutajiwe mlango na chipu, si kioo tu

Ndugu Mhariri,

Maelezo mengi ya kumsaidia mtu kuchagua konsoli ya gemu ya mkononi huishia kwenye ukubwa wa kioo, kasi ya prosesa na wingi wa gemu. Anayetaka kuichomekea kibodi, flashi au adapta ya Wi-Fi huachwa apapase gizani. Ananunua adapta ya kwanza inakataa, ananunua ya pili inakataa, mwisho anaamini konsoli ni mbovu. Naomba nafasi nieleze zinakataa kwa nini, maana mara nyingi hakuna kilicho kibovu. Nazungumzia konsoli zinazoendeshwa na mfumo wa Linux.

Kwanza mlango wa USB, yaani tundu la kuchomekea kebo. Katika USB kuna upande unaoongoza na upande unaoongozwa. Kompyuta huongoza, flashi huongozwa. Konsoli unapoiunganisha na kompyuta ili kuhamisha gemu inakuwa upande wa kuongozwa, na zipo ambazo mlango wake hauna kazi nyingine zaidi ya hiyo na kuchaji. Hizo hakuna kebo itakayozibadilisha. Zenye uwezo wa kuongoza huandikwa OTG (On-The-Go). Kwenye mlango wa micro-USB, konsoli hujua kwamba ni zamu yake kuongoza pale pini ya 4 inapounganishwa na pini ya 5, ambayo ni hasi. Kebo ya kawaida ya chaji huiacha pini ya 4 wazi, ndiyo sababu kibodi haiwaki. Kwenye USB-C kazi hiyo hufanywa na rezista ya kilo-omu 5.1 kati ya pini ya CC, inayotambua kilichochomekwa, na hasi, iliyofichwa ndani ya kiunganishi. Kiunganishi kisicho na rezista hiyo kinafanana kabisa na kizima, kwa hiyo jaribu kingine kabla ya kulaumu konsoli.

Umeme ndio unaoangusha wengi. Mlango wa USB 2.0 unatakiwa kutoa volti 5 na hadi miliampia 500, lakini betri ya konsoli ni ya volti 3.7, hivyo lazima kuwe na saketi ya kupandisha, nayo hula sehemu ya umeme. Chukua adapta ya Wi-Fi inayovuta miliampia 200. Hiyo ni wati 1. Saketi ikifanya kazi kwa asilimia 85, betri itatoa takriban miliampia 320. Konsoli yenye betri ya miliampia-saa 3000 na inayotumia miliampia 600 ikicheza gemu ilikuwa idumu saa 5. Sasa itadumu kama saa 3 na robo. Tena adapta haivuti kwa utulivu. Inapotuma data huvuta kwa mshtuko, volti zinashuka, na kifaa kinapotea na kurudi. Ukiona Wi-Fi inaonekana vizuri lakini inakatika kila unapoanza kupakua faili kubwa, shuku umeme kabla ya kushuku ruta.

Kibodi na kipanya havina tatizo hilo. Diski ngumu ya kuzunguka inalo kubwa: wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kutaka hata ampia 1, na hapo utahitaji habu (kifaa cha kuongeza milango ya USB) yenye chaja yake. Lakini habu hiyo ipimwe kwanza. Ichomeke kwenye chaja bila kuiunganisha na konsoli, kisha pima kwa multimita kati ya pini ya volti 5 na ya hasi kwenye plagi yake inayokwenda kwenye konsoli. Isome sifuri. Ikisoma volti 5, habu inarudisha umeme nyuma na inaweza kuunguza saketi ya kupandisha. Usiitumie.

Sasa chipu, yaani kipande cha elektroniki kinachoendesha adapta. Jina lililo kwenye kasha la adapta halina maana yoyote kwa Linux. Kinachotazamwa ni namba ya utambulisho, ambayo amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, huionyesha. Chipu ya RT5370 huonekana kama 148f:5370 na hutumia draiva (programu inayoiwezesha Linux kukiendesha kifaa) iitwayo rt2800usb. AR9271 ni 0cf3:9271, draiva yake ath9k_htc. MT7601U ni 148f:7601, na draiva yake imo kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, kuanzia toleo la 4.2. Zote tatu ni za GHz 2.4 peke yake. Kwa maoni yangu RT5370 ndiyo chaguo salama kwa konsoli yenye kerneli ya zamani, kwa kuwa draiva yake ni ya siku nyingi na imetulia. Kuwa na draiva pekee hakutoshi. Chipu hizi hupakiwa pia faili la fimwea, yaani programu ya ndani ya chipu yenyewe, kutoka folda ya /lib/firmware, kwa RT5370 likiwa rt2870.bin, na waandaaji wa mifumo ya konsoli hupenda kuyaondoa mafaili hayo ili kuokoa nafasi. Nakili faili, chomoa adapta, chomeka tena.

Baadhi ya adapta za Realtek hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, namba 0bda:1a2b. Hizo zinahitaji programu ya usb_modeswitch ndipo zigeuke kuwa Wi-Fi.

Kama lsusb haionyeshi kitu, soma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Kosa la -71 maana yake mazungumzo yamevurugika: kebo mbovu, umeme mdogo, au nyaya za data zimepishana. Kosa la -110 ni kifaa kutojibu kwa wakati.

Adapta ikishawaka, bado kuna mitego. Ruta iliyowekwa aina ya ulinzi ya WPA3 pekee haitakubaliana na mifumo ya zamani. Iweke WPA2 au mchanganyiko. Mtandao ulio kwenye chaneli ya 12 au 13 unaweza usionekane, basi hamishia ruta kwenye 1, 6 au 11. Kwa kucheza na wenzako mtandaoni, zima uokoaji umeme kwa iw dev wlan0 set power_save off, la sivyo gemu litakuwa likisitasita. Na jambo linalosumbua watu siku nzima: konsoli nyingi hazina saa yenye betri yake, zikizimwa tarehe hurudi 1970. Mtandao unapatikana, lakini kila tovuti salama inakataa kwa sababu cheti chake kinaonekana hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe kwanza. Kisha badilisha nywila ya root, mtumiaji mkuu, kwa amri ya passwd, kwani nywila za awali za mifumo hii zimeandikwa wazi kwa yeyote kuzisoma.

Wanaotaka kulehemu adapta ndani ya konsoli wafuate rangi: nyekundu volti 5, nyeusi hasi, kijani D+, nyeupe D-. Nyaya mbili za data ziwe fupi na zisokotwe pamoja. Antena ikae mbali na betri na bamba la kioo, na swichi ndogo iwekwe kwenye waya mwekundu ili Wi-Fi izimwe isipohitajika.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mnapoandika kuhusu konsoli mpya, ongezeni mistari mitatu: kama mlango wake unaongoza au hauongozi, unatoa miliampia ngapi, na kerneli yake ni toleo gani. Na wauzaji wa adapta waandike namba ya chipu juu ya kasha, kwa herufi zinazosomeka.

Wako,
Msomaji