Malalamiko: injini yangu kupigwa resi ikiwa baridi, na tapeti (nafasi za valvu) ambazo hamkuzipima

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Mkurugenzi Mkuu

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Hii ni barua ya tatu kuiandika. Mbili za kwanza nilizichana mwenyewe kwa sababu ya maneno yaliyokuwemo. Hii nimejitahidi iwe ya kiungwana, na pale nitakaposhindwa naomba radhi mapema.

Namba ya kazi mnayo. Masharti yenu mnayajua, ninyi ndio mlioyabandika ukutani pale mapokezi, hasa lile la nne kuhusu nani anaruhusiwa kuwasha gari la mteja na kwa namna gani. Siyarudii. Naenda moja kwa moja Jumatano asubuhi.

Jumatano saa mbili na nusu nilifika kuchukua gari. Lilikuwa limelala kwenu, injini baridi kama jiwe la mtoni. Kijana wenu wa ovaroli ya bluu akaingia, akakaa, mlango akauacha wazi, akawasha. Mimi nimesimama pale pale mlangoni, mkono juu ya paa. Injini ikashika. Sekunde mbili, labda tatu, akakanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukapanda ukapita elfu saba. Akaachia, ukashuka. Akakanyaga tena. Akaachia. Akakanyaga mara ya tatu. Nyuma, kwenye mabomba ya moshi, mwenzake amechuchumaa na simu, anarekodi. Kabla ya hiyo ya tatu nilishapiga kelele: "Zima!" Akanigeukia huku anacheka, akaniambia, "Mzee, tulia. Hizi zimezaliwa kulia."

Hilo ndilo lalamiko langu. Yanayofuata ni nyongeza, ingawa nyongeza zenyewe si ndogo.

Mnajitangaza kuwa mabingwa wa magari ya kijerumani ya mbio, kwa hiyo nisingepaswa kuwaeleza gari langu, BMW M3 ya E46, ni kitu gani. Lakini inaonekana kuna wa kuelezwa. Kwenye geji ya mizunguko ya gari lile kuna taa ndogo zimepangwa ukingoni. Oili ikiwa baridi zinawaka, na kadiri oili inavyopata joto zinazimika moja baada ya nyingine, ndipo dereva anajua ameruhusiwa kufika wapi. Waliozitengeneza hawakuziweka ziwe mapambo. Mimi nikiliwasha gari lile naondoka taratibu, sivuki elfu tatu mpaka taa zizimike zote. Nimefanya hivyo miaka tisa. Mke wangu akiwa ndani husema tunasindikiza maiti.

Na sababu mnaijua. Beringi za konrodi, zile fimbo zinazounga pistoni na krenki, kwenye S54, injini ya gari langu, zina historia yake, na historia hiyo haikuanza na mimi. BMW wenyewe waliyaita yarudi magari ya miaka ya mwanzo wakayabadilishia beringi. La kwangu ni la 2004, halikuwa kwenye kundi hilo, lakini kila mwenye S54 analala na jambo hili kichwani. Ile ni injini ya lita 3.2, silinda sita, nguvu ya farasi 343, na pistoni inasafiri milimita 91 kutoka juu hadi chini. Kwenye mizunguko elfu saba pistoni ile inakwenda kwa wastani wa mita 21 na zaidi kwa sekunde, na kinachotenganisha beringi na krenki ni utando wa oili tu. Utando ambao, sekunde ya tatu baada ya kuwasha, kijana wenu hakuwa na njia yoyote ya kujua kama umefika.

Nimekuja kwenu kwa sababu niliwaamini. Nimewaletea watu wengine wanne wenye magari ya aina hii, mmoja ana BMW M5 ya E39, mwingine Mercedes 190E yenye valvu kumi na sita, na nikawaambia pale pana mafundi wanaojua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo wale wanne wananipigia simu kuniuliza wafanye nini, nami sina la kuwajibu isipokuwa hili ninaloliandika.

Sasa tapeti.

Gari nililileta Jumatatu saa kumi jioni, limetoka kutembea kilomita sitini, moto kabisa. Kwa mujibu wa karatasi yenu ya kazi, upimaji wa tapeti ulianza saa kumi na dakika ishirini na kuisha saa kumi na moja na dakika tano. Siku hiyo hiyo. Tapeti za S54 zinapimwa injini ikiwa imepoa kabisa, ndiyo maana niliwaachia gari lilale. Dakika ishirini baada ya kuzimwa, injini ile hata kuishika kwa mkono huwezi.

Halafu vipimo vyenyewe. Valvu ni 24. Fomu yenu imeandikwa 0.20 mara ishirini na nne, kwa mwandiko mmoja, kalamu moja, hata mteremko wa herufi haubadiliki. Valvu za kuingiza hewa kwenye injini hii zinatakiwa ziwe na nafasi kati ya milimita 0.18 na 0.23. Za kutoa moshi, kati ya 0.28 na 0.33. Kwa hiyo kama fomu ni ya kweli, valvu zangu zote 12 za kutoa moshi zimebana, na mmenipa gari niondoke nalo valvu zikaungue, huku pembeni mmepiga alama ya tiki. Kama fomu ni ya uongo, basi ni uongo. Chagueni wenyewe.

Nitawasaidia kuchagua. Kabla sijaleta gari nilichukua rangi ya kucha, nyekundu, nikachora mstari mwembamba kwenye bolti nne za tapeti kava, mfuniko ambao lazima ufunguliwe ndipo tapeti zipimwe, mstari unaotoka kwenye kichwa cha bolti na kuingia kwenye kava lenyewe. Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika. Sikufanya hivyo kwa kuwashuku ninyi, ni tabia yangu tangu niuziwe gasketi ambayo haikufungwa. Jumatano jioni nilifungua boneti nikaangalia kwa tochi. Mistari yote minne ni mizima. Vumbi la juu ya kava lipo kama nilivyolileta. Na kwenye ankara nimelipia saa za fundi, gasketi mpya, na shimu tatu, vile vibati vya kurekebishia nafasi ya valvu. Shimu tatu! Kama kila kitu kilikuwa 0.20 na kila kitu kilikuwa sawa, shimu tatu zimekwenda kufanya nini?

Nikiwa bado na ankara mkononi ndipo nikaona mstari wa oili. 5W-30. Injini hii inatumia 10W-60, na niliandika hivyo kwa herufi kubwa kwenye fomu ya mapokezi, nakala ninayo. Najua mtakachosema, kwamba oili nyepesi inatiririka haraka zaidi asubuhi. Ni kweli inatiririka. Lakini sikuleta gari ili mbahatishe. Ikishapata moto kwenye mizunguko ya juu ndipo inapotakiwa kuwa nzito, na gari hili halikununuliwa likae foleni.

Msimamizi wenu wa zamu nilizungumza naye papo hapo Jumatano, kabla ya haya ya ankara. Hakuniomba radhi. Alisema gari lina miaka zaidi ya ishirini na kwamba likifa leo limekufa kwa uzee. Nilimwambia kuna tofauti ya kufa na kuuawa. Akaangalia saa yake.

Alhamisi nilipiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, namshukuru, akaniambia nitapigiwa. Ijumaa sikupigiwa. Jumatatu nilipiga mwenyewe nikaambiwa faili langu "liko kwa bosi". Kama bosi ni wewe unayesoma, basi karibu.

Narudi kwenye Jumatano asubuhi kwa sababu kuna mambo sikuyasema hapo juu, na kila ninapojaribu kulala yananirudia.

Kwanza, hakuwasha gari kwa bahati mbaya akateleza mguu. Kabla ya kuwasha alitazama nyuma kwenye kioo, akamwonyesha mwenzake kidole gumba. Walikuwa wamepanga. Pili, zile taa nilizozisema zilikuwa zinawaka, nilizihesabu nikiwa nimesimama pale, zote, na mshale ulipopanda ulizipita moja moja kama mtu anayeruka ua wa jirani. Mara ya kwanza niliganda. Mara ya pili ndiyo niliyopiga kelele. Mara ya tatu alikanyaga akiwa ameshanisikia, ananitazama usoni. Mlio ule naujua, nimeupenda miaka tisa, ni koo sita za hewa zikifunguka kwa pamoja, na huwa nausikia pale injini ikishapata moto, barabara ikiwa tupu, nikiwa nimeustahili. Siku ile ulitoka mkavu, mwembamba, kama mtu anayekohoa. Na kijana anacheka. "Hizi zimezaliwa kulia." Mimi na umri wangu nikabaki nimeshika mlango wa gari langu mwenyewe kama abiria anayeomba lifti.

Msijaribu kuniambia haikutokea. Kamera ya kwenye kioo changu cha mbele inaanza kurekodi ufunguo ukigeuzwa, na inarekodi sauti. Ipo injini ikishika, upo ule muungurumo mara tatu, ipo sauti yangu, kipo kicheko chake, na yapo maneno yake neno kwa neno. Tarehe na saa vimejiandika chini ya picha.

Jumatano hiyo hiyo usiku nilimwaga oili yenu, ambayo ilikuwa imetembea kilomita zisizofika arobaini. Nikatoa filta, nikaikata kwa kisu, nikaikunjua mezani chini ya taa. Kwenye mikunjo mitatu kulikuwa na chembe zinazometa, rangi ya shaba, ndogo kuliko punje ya chumvi. Sumaku haikuzivuta. Sitasema hizo ni beringi, kwa sababu mimi si mtu wa kusema nisichokijua. Zinaweza kuwa mabaki ya zamani yaliyong'oka. Nimepeleka sampuli maabara. Nina majibu ya kila oili niliyomwaga tangu nilipolinunua gari hili, kiasi cha risasi na cha shaba kwa kila mara, kwa hiyo mabadiliko yakiwepo yataonekana, na yatakuwa na tarehe yenu juu yake.

Ninachodai.

Nilipoanza kuandika nilitaka vitu viwili tu: barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya mtu, na kurudishiwa gharama yote ya tapeti, gasketi, shimu na oili. Hivyo bado navitaka.

Lakini nimefika hapa nikaona haitoshi. Kurudisha malipo ya kazi ambayo hamkuifanya si fidia, ni kurudisha mlichochukua. Kwa hiyo pia nataka karta, bakuli la oili chini ya injini, ishushwe na beringi zote za konrodi zibadilishwe, pamoja na bolti zake mpya, kwa vipuri halisi, na kazi hiyo ifanywe na gereji nitakayoichagua mimi, kwa gharama yenu. Kwenu gari halirudi. Tapeti nazo zipimwe huko huko, injini ikiwa imepoa, na fomu ije na namba ishirini na nne ambazo mtu amezisoma kwenye fila geji, kile kipimo cha nafasi.

Na iwapo majibu ya maabara yatakuja mabaya, au krenki ikionekana imekwaruzwa, hatutazungumzia tena beringi. Tutazungumzia injini nzima.

Video aliyoichukua yule wa simu ifutwe, na nithibitishiwe kwa maandishi kwamba imefutwa. Kama imeshasambazwa mkaitumia kujitangazia biashara, hilo nitalipeleka kwa wakili peke yake, kama shauri linalojitegemea.

Nawapa siku saba kuanzia mtakapopokea barua hii. Siku ya nane, nakala yake pamoja na fomu ya sifuri-nukta-ishirini, picha za zile bolti, filta iliyokatwa na sauti ya kamera vitafika kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa wakili wangu, siku moja. Wale wanne niliowaleta tayari wameshaisikia ile sauti. Mmoja wao, mwenye E39, alisikiliza mpaka mwisho, akavua kipokea sauti sikioni, akauliza kama gari bado linawaka. Sijui nimjibu nini. Sijaliwasha tangu usiku ule, na sitaliwasha mpaka karta ishuke.

Simu zenu nitapokea saa za kazi. Msimamizi wa zamu asinipigie yeye.

Wenu,
Mteja wenu, kwa sasa

N.B. Kwenye kisanduku cha vifaa kilichomo ndani ya mfuniko wa buti, bisibisi haipo. Ilikuwepo Jumatatu. Nayo naitaka.