Jino la mtoto linang'olewa bure

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lenu sijawahi kuwaandikia, lakini ile ripoti ya wanasayansi kuotesha upya nyama ya ndani ya jino kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, imeniudhi sana. Mmeiandika kana kwamba yote ni ya kesho kutwa, ya maabara za ng'ambo. Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno hapa Kisumu hadi nikastaafu, na kuna matibabu ya leo mmeyaruka kabisa.

Jino la mbele la kudumu likitoka, mzizi wake huchukua kama miaka 3 kukomaa. Muda huo wote ncha ya mzizi iko wazi, damu inaingia vizuri, na ndiyo maana la mtoto linapona haraka. Likivunjika nyama ikaonekana, daktari anakata milimita 2 hivi za juu za nyama hiyo, anaweka dawa na kuziba. Daktari wa meno Cvek wa Uswidi alitoa matokeo hayo 1978, meno 60, asilimia 96 yakapona, na dawa aliyotumia ni kalsiamu haidroksaidi, si kitu cha bei ya ajabu. Nyama ikiwa imeshakufa, madaktari wa meno Banchs na Trope walionyesha 2004 kwamba unaua vijidudu kwanza, kisha unachokoza damu kidogo ipande ndani ya mzizi, unafunika, na mzizi unaendelea kukua. Kinachoota humo mara nyingi hufanana na mfupa kuliko nyama ya asili, na hilo pia hamkusema.

Sasa sikieni. Mjukuu wangu alijigonga kwenye goli shuleni, jino la juu likakatika nusu, katikati kuna kidoa chekundu kama kichwa cha pini. Mama yake akamkimbiza hospitali jioni ileile, akaambiwa tung'oe tu mama, litaota lingine, mtoto wa miaka minane na hilo ni jino la kudumu, lingine litatoka wapi? Ananipigia simu mtoto ameshadungwa sindano ya ganzi, nikamwambia toka hapo na mtoto wako sasa hivi. Daktari mwingine akalitibu vile nimeeleza, leo jino liko, eksirei inaonyesha mzizi umefunga. Je, wale ambao hawana bibi aliyefanya kazi hiyo? Wazee wetu Waluo waling'olewa meno sita ya chini kwa desturi, tukaiacha, halafu tunang'oa ya watoto kwa sababu hakuna aliyejali kueleza mzazi!

Na walimu nao. Shule hiyohiyo mtoto mwingine aling'oka jino zima, mwalimu akalifunga kwa tishu akampa mzazi jioni. Jino la kudumu likitoka zima linashikwa upande wa juu, si mzizi, linarudishwa palepale au linatiwa kwenye maziwa, na mtoto anapelekwa kwa daktari ndani ya saa moja.

Nataka kila shule kuanzia Manyatta hadi Kajulu iwe na pakiti ya maziwa ofisini kwa hedimasta, iandikwe YA MENO, isiguswe kwa chai, na namba ya daktari wa meno ibandikwe ukutani. Na hospitali isimng'oe mtoto jino la mbele la kudumu kabla mzazi hajaonyeshwa eksirei na kuambiwa kama ncha ya mzizi bado iko wazi. Nanyi chapisheni hayo kwa ukubwa uleule wa ile ripoti.

Bibi wa Kisumu