Riali 20 zimekuwa 200

Mombasa, Jumanne usiku

Swahibu yangu,

Salaam aleikum. Habari za huko, na watoto? Sisi wazima, Shangazi mguu umepoa na anakusalimu sana. Nimenyamaza tangu Idi, unisamehe. Hili ndilo lililonishika.

Ile programu niliyoiandika ya kuhesabu michango ya chama chetu. Jumapili mweka hazina alifungua daftari lake mbele ya wote: mchango wa kaka yetu wa Muscat, riali 20. Kwenye skrini, riali 200. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mwanzoni niliziweka pesa kwa desimali. Wewe ulinionya: iambie JavaScript, lugha niliyoiandikia programu, ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa mbili-mbili, na kwake moja ya kumi haiishi, kama theluthi isivyokwisha sisi tukiandika 0.333. Nikaona ni jambo dogo. Kisha nikazidisha 19.99 kwa 100 nipate senti, ikatoka 1998.9999999999998, programu ikakata mkia, senti moja ikapotea. Senti ya mtu!

Basi nikahamia namba kamili, kila kitu senti, na wakati wa kuonyesha nagawanya kwa 100. Kumbe riali ya Oman ina baisa 1,000. Malipo yaliingia kama baisa 20,000, nikagawanya kwa 100, ndiyo hiyo 200. Na shilingi ya Uganda, kwenye ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, haina desimali hata moja. Shemeji wa Kampala akichanga 50,000 ataona 500. Hebu fikiria uso wake.

Sasa nataka kila kiasi kitembee na alama ya sarafu yake, KES ya Kenya, OMR ya Oman, UGX ya Uganda, na idadi ya desimali zisomwe kutoka orodha hiyo. Aina ya namba iitwayo numeric kwenye PostgreSQL, hifadhidata ya kuwekea rekodi, nayo hutunza desimali kwa usahihi, ila namba ikifika kwenye kivinjari bila kutumwa kama maandishi, inarudi kwenye kosa lile lile la 0.1 na 0.2.

Riali hizo nishazirekebisha. Ila bado silali, kwa sababu ya kugawana faida ya chama. Shilingi 10,000 kwa watu 7 ni 1,428.57 kila mmoja; jumlisha, unapata 9,999.99. Senti iliyobaki ni ya nani? Mimi naona izunguke, mwezi huu kwa wa kwanza kwenye orodha, ujao kwa wa pili, na iandikwe wazi. Mweka hazina anataka iende kwenye mfuko wa dharura. Huenda yuko sawa, sijui, yeye ameshika daftari kabla sisi hatujagusa kompyuta.

Utaweza kuupitia msimbo kabla ya mkutano wa Jumapili? Nikutumie leo? Wewe kazini kwako senti ya mwisho mnaipeleka wapi? Na rekodi za zamani zenye desimali, nizigeuze zote mara moja au nizilinganishe na daftari mstari kwa mstari? Na lini unakuja?

Nduguyo