Ukomo wa mita hautazuia vitenge vya Asia

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja inayozidi kupata wafuasi hapa Mbeya, kwamba Serikali iweke ukomo wa mita za vitambaa kutoka China na India ili viwanda vyetu vipumue. Nia ni njema, lakini njia hiyo ilishawashinda wakubwa.

Marekani na Ulaya ziliibana nguo ya Asia kwa mgawo: kwanza pamba, mwaka 1961, kisha kuanzia 1974 sufu na nyuzi za viwandani pia. Kila nchi ilipangiwa idadi kwa kila aina ya nguo. Sasa ukishapewa idadi ya mashati, utaijaza kwa mashati ya bei chee? Hong Kong ilihamia kwenye nguo ghali, vibali vya mgawo vyenyewe vikawa bidhaa ya kuuziana, na wenye viwanda wakazifuata nchi zisizobanwa, kama Mauritius na Bangladesh.

Mgawo ulifutwa Januari 1, 2005. Kufika Juni, Ulaya ikarudisha ukomo kwa aina 10 za bidhaa za China. Agosti sweta na suruali zikarundikana bandarini, kwa kuwa oda ziliwekwa kabla ya ukomo kutangazwa. Aliyeumia ni mwenye duka wa Ulaya. Septemba mzigo ukaachiwa, sehemu yake ikakatwa kwenye mgawo wa mwaka uliofuata.

Kwetu ugonjwa uko kwenye karatasi. Kwa miaka mingi khanga na vitenge vimekuwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti za Afrika Mashariki, ushuru asilimia 50 ya thamani. Thamani ipi? Ya ankara. Jora la Sh60,000 likiandikwa Sh30,000, ushuru unashuka kutoka Sh30,000 hadi Sh15,000. Kuna pia mzigo wa transiti wa Zambia, usiolipiwa ushuru hapa kwa kuwa unapita tu, unaoshushwa kabla haujavuka mpaka wa Tunduma. Ukomo wa mita hautibu hata kimoja.

Ushuru upangwe kama wa mitumba: asilimia ya thamani au kiasi fulani kwa kilo, kinachozidi ndicho kilipwe. Mizani haisomi ankara. Ila kiwango kisipangwe kwa hasira. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. 2018 Marekani ikazisimamishia nguo zake msamaha wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru.

Na wakaguzi wafungue jora, wasiishie kwenye lebo, maana aina ya uzi ndiyo inayoamua kifungu cha ushuru. Chomoa nyuzi za mtande (za urefu wa kitambaa) na za mshindio (za upana), uzichome kila upande peke yake. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka, ikipoa inabaki kishanga kigumu. Usichome za upande mmoja tu. Kuna vitambaa vyenye pamba upande huu na polista upande ule. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili na kiberiti.

Mdau wa biashara ya vitambaa,
Mwanjelwa, Mbeya