Barua kwa vijana mnaogombana juu ya Cloud, Tifa na Aerith

Wanangu, salaam nyingi.

Jumamosi iliyopita wajukuu zangu na wenzao walikesha sebuleni kwangu hapa Tanga wakicheza Final Fantasy VII Rebirth, gemu inayoisimulia upya hadithi ya zamani ya Cloud, kijana mwenye upanga, na wenzake Tifa na Aerith. Walipofika Gold Saucer, uwanja wa burudani wa mle ndani ya gemu, pale Cloud anapopanda na mwenziwe kile kigari kinachoning'inia kwenye kamba usiku, ugomvi ukawaka. Huyu anasema Cloud ni wa Tifa, yule anasema ni wa Aerith. Nilikuwa barazani nakunywa chai, nikasikia Tifa akiitwa mwizi wa bwana na Aerith akiitwa kimada. Binti mmoja alivaa ndala zake akatoka analia. Najua ugomvi huu hauko nyumbani kwangu tu, ndiyo maana nawaandikia nyote mnaoipenda hadithi hii.

Nami naipenda. Mwaka 1999 nilikuwa na banda la gemu, TV mbili na PlayStation mbili, watoto wakilipia kucheza mpira. Kijana mmoja akaja na CD tatu za Final Fantasy VII, ile ya kwanza iliyotoka Japani Januari 1997. Alisubiri jioni wachezaji wa mpira waondoke, kisha akacheza huku akitufasiria maneno mstari kwa mstari, maana ndiye aliyejua Kiingereza. Siku hizo jina la Aerith liliandikwa Aeris. Tulipofika pale anapopiga magoti akiomba, Sephiroth, yule adui mkuu, akashuka kutoka juu na upanga wake mrefu akamuua, ile materia nyeupe, jiwe lake la uchawi, ikaanguka ikidundadunda hadi majini, kijana yule aliweka pedi sakafuni. Banda zima lilinyamaza. CD ya kwanza inaishia hapo. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyeinuka kwenda kwao.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Nani anapanda na Cloud kile kigari, watengenezaji walikuachia wewe. Katika gemu ya 1997 kuna alama zilizofichwa za kila mwenzake Cloud, na mwenye nyingi ndiye anayepanda naye: Aerith anaanza na 50, Tifa 30, Yuffie 10, na Barret hana kitu. Majibu unayochagua yanaziongeza au kuzipunguza. Hata lile ua ambalo Aerith anakuuzia kwa gil 1, pesa ya mle, kule mji wa Midgar, ukifika baa ya Tifa unaweza kumpa Tifa au ukampa Marlene, binti mdogo wa Barret, nalo linahesabiwa. Rebirth ya 2024 imeufuata mtindo huohuo. Basi mtu akikuonyesha picha ya usiku ule akisema huu ndio ushahidi, ujue anakuonyesha alichochagua mwenyewe.

Ninachowaomba mkitazame ni kingine. Cloud wa nusu ya kwanza ya hadithi hajijui. Anajiita askari wa SOLDIER, kile kikosi cha wapiganaji bora, na hakuwahi kuwa. Kumbukumbu anazojivunia nyingi ni za rafiki yake Zack, aliyekuwa SOLDIER kweli, na Zack ndiye aliyekuwa mpenzi wa kwanza wa Aerith. Mle kwenye kigari Aerith anamwambia kwamba mwanzo alimwona anafanana na mtu aliyemfahamu, mwendo wake, mikono yake. Kisha anamwambia kwamba anamtafuta Cloud, anataka kukutana naye, na Cloud mwenyewe yuko mbele yake! Mara ya kwanza niliposikia maneno hayo yakifasiriwa sikuyaelewa. Niliyaelewa baada ya miezi, tulipofika CD ya pili.

Pale Cloud yuko kijiji cha Mideel kwenye kiti cha magurudumu, hasemi, hamjui mtu. Tifa anawaacha wenzake waendelee na safari, anabaki kumuuguza. Baadaye ardhi inapasuka, wote wawili wanatumbukia kwenye Lifestream, ule mkondo wa uhai unaopita chini ya ardhi, na Tifa anajikuta ndani ya kumbukumbu za Cloud. Angeweza kumwambia: wewe ni huyu, ulinipenda, uliniahidi usiku ule kisimani kijijini kwetu Nibelheim kwamba utakuja kuniokoa. Hafanyi hivyo. Anamwambia lazima aanze Cloud mwenyewe, ataje jambo ambalo Tifa hakumtajia, ndipo wajue kuwa ni yeye kweli. Anasubiri. Anaogopa, na bado anasubiri.

Wanawake wawili, wote wanamtafuta Cloud wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyemtia maneno kinywani. Nyinyi mnamtia maneno kinywani kila siku, kisha mnatukanana kwa maneno hayo. Mmewafanya wake wenza watu ambao katika hadithi ni marafiki. Tifa alimlilia Aerith kama mlivyomlilia nyinyi.

Mkiniuliza msimamo wangu, sitauficha. Naamini maisha ya Cloud yako kwa Tifa. Filamu ya Advent Children ya 2005 inawaonyesha wakilea Marlene na yatima Denzel nyumba moja. Lakini filamu hiyohiyo inaonyesha kwamba Cloud alipougua alikwenda kulala kwenye lile kanisa bovu, penye maua ya Aerith. Baadhi yenu mnaona hayo mawili yanapingana. Mimi siyaoni hivyo, na nina sababu.

Mke wangu wa kwanza alifariki mwaka 1988. Nilipooa tena, mama Zuhura alikuta ndani ya sanduku khanga moja ya marehemu. Nilikuwa mlangoni namwangalia, moyo unanienda mbio. Hakuniuliza kitu. Aliifua kwa mkono, akaianika kivulini isichuje, ilipokauka akaikunja pande nne akairudisha palepale. Tumeishi miaka zaidi ya thelathini na khanga ile imo sandukuni. Sijawahi kumpenda mke wangu pungufu kwa sababu yake.

Kwa hiyo bisheni, mabishano yenu nayafurahia, yananirudisha bandani kwangu. Anayempenda Aerith aeleze kwa nini, asikilizwe hadi amalize. Anayempenda Tifa vivyo hivyo. Neno kimada na neno mwizi sitaki kuyasikia tena sebuleni kwangu.

Na yule binti aliyeondoka analia, Jumamosi ijayo mwendeeni kwao mumlete. Pedi ashike yeye, na ua lile ampe anayemtaka.

Babu yenu, Tanga