Mpwa wangu alikosa kwa alama ngapi?

Mhariri,

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 wa kuingia sekondari ya juu, yalipotoka Desemba 2025, barazani kwetu Langoni swali lilikuwa moja: alama ya kupita kwenda shule kubwa ni ngapi? Nimefundisha miaka mingi hapa Lamu, na swali hilo bado lanichoma.

Enzi za KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, tuliamini kwamba mtoto aliyepata 250 kati ya 500 amepita. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa nusu tu, nasi tukaifanya mpaka. Mpwa wangu alipata 352. Tukapika pilau, majirani wakaja kumpongeza. Barua ya shule ya kitaifa aliyoichagua haikuja, na kwa miezi kadhaa kijana aliamini kwamba amefeli.

Hakufeli. Shule ya bweni yenye nafasi chache huanza na mwenye alama za juu kabisa, ikishuka mpaka kitanda cha mwisho kipate mtu. Alama za mtoto aliyepata kitanda kile ndizo tunazoziita za kupita. Mwaka ujao wakiomba wengi zaidi, au wakifanya vizuri zaidi, zinapanda. Na kwa kuwa nafasi za shule za kitaifa ziligawanywa kwa maeneo, mpaka wa Lamu haukuwa lazima uwe sawa na wa Nairobi. Haya yote hakuna aliyetueleza, hata sisi walimu.

Sasa, kwa KJSEA, hesabu ni ngumu zaidi. Masomo ni tisa, kila moja lina pointi nane, jumla 72. Mtihani wa Gredi ya 9 una asilimia 60; zilizobaki zinatokana na tathmini ya Gredi ya 6 na zile za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Mzazi akiniuliza kama pointi 50 zatosha, sina budi kumuuliza: mkondo gani wa masomo, shule gani, wameomba wangapi?

Naiomba Wizara ya Elimu itangaze kila mwaka, kwa kila shule: nafasi zilikuwa ngapi, walioomba wangapi, na mtoto wa mwisho kuingia alikuwa na pointi ngapi. Ibandikwe ofisi ya chifu, Faza, Kizingitini na Kiunga pia, kwa Kiswahili.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Juzi aliniuliza tena alikosa kwa alama ngapi. Sikuwa na jibu.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu